Nani anafaa kugundua mtaa unaelekea kuugua kabla kliniki hazijajaa?

#1 MamaTumaini_Pipeline
Habari zenu. Kwa ploti yetu huku Pipeline, Nairobi, watoto wamekuwa wakiharisha kwa kufuatana, leo wa huyu, kesho wa yule, na wengi ni wa ghorofa ya kwanza na ya pili. Kila mama ako na jibu lake. Kuna anayesema ni maji ya bomba la chini, kuna anayesema ni chips za kibanda cha kona, mwingine anasema ni mtaro wa nyuma umeziba tangu mvua.

Nikaenda kwa ofisi moja ya afya, sitaitaja. Nikaulizwa hao watoto wako kwa rejista ya hospitali gani. Nikasema hakuna hata mmoja ameenda hospitali, sote tumenunua ORS (ile chumvi ya kurudisha maji mwilini) kwa kemisti, wengine wakaongezewa Flagyl. Nikaambiwa basi hakuna kesi, nirudi kukiwa na kesi.

Sasa kama wanahesabu tu wanaofika kliniki na sisi tunaishia kwa kemisti, si kwa vitabu vyao mtaa wetu ni mzima kabisa? Hii kazi ya kujua hatari iko wapi kabla watu hawajaanza kubebwa na bodaboda usiku ni ya nani hasa?

#2 Kijana_wa_Tassia
Pole mama. Ni maji hayo, usitafute mbali. Hizi laini za mtaani zimepitishwa ndani ya mtaro, zingine ni za plastiki zimeungwa na vipande vya mpira. Siku za mgao bomba likikauka presha inashuka, na penye ufa maji ya mtaro yanavutwa yanaingia ndani. Yakifunguliwa asubuhi yale ya kwanza ndio yamebeba uchafu wote na ndio watu wamepangia laini na mitungi. Fungulieni yamwagike kwanza, japo najua hakuna mtu atamwaga maji Pipeline.

#3 Wambo_Kayole
Mimi nasema kibanda. Nyanya na dania zinaoshwa na ndoo moja ya maji kutoka asubuhi mpaka jioni, kachumbari inakaa wazi, nzi wanatoka mtaroni wanatua hapo. Niliwahi kulazwa kwa hio kachumbari, tangu hapo smokie nakula bila.

#4 Mama_Chapo
@Wambo kila mtu akiumwa na tumbo Nairobi ni kibanda. Hujaniuliza maji nayatoa wapi. Nanunua mtungi kwa mkokoteni kama wewe, siku ya mgao bei inapanda mara tatu na bado lazima nipike. Cheti cha afya nafanyiwa kila miezi sita, natoa choo kinapimwa, nalipa. Kuna wenzangu wanaletewa cheti mkononi bila kupimwa na mtu anajua ni akina nani wanawauzia, hao ndio muwaulize. Ukinifungia mimi na mwenye maji umwache, kesho watu watakula wapi na bado wataharisha.

#5 Wambo_Kayole
Sawa mama usikasirike, chapo zako sijazigusa 😄 nilisema kachumbari tu.

#6 CHP_Embakasi
Mama Tumaini hapo kwa ofisi walikupotosha na nataka hii isomwe na kila mtu. Hauhitaji rejista ya hospitali ndio jambo liripotiwe. Sisi wahamasishaji wa afya ya jamii, CHP, tumefunzwa dalili za mtaani, na mojawapo ni watu wawili au zaidi wenye dalili zinazofanana mahali pamoja ndani ya wiki. Hio peke yake inatosha. Naingiza kwa simu, inaenda kwa msimamizi wangu, yeye anathibitisha, inapanda kwa watu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo. Kuna mfumo unaitwa m-Dharura wa kazi hio hio.

Shida iko kwingine. Mimi niko na nyumba kama mia moja za kutembelea. Kwa nyumba za mabati ilikuwa rahisi, unapita unasalimia unaona mtoto amelala mlangoni unauliza. Kwa hizi ghorofa kuna geti la chuma na keateka, msimamizi wa nyumba, anakuuliza umetumwa na nani. Mchana watu wako Inda (Industrial Area) kazini, usiku mimi pia nina watoto. Na mnajua hadi 2023 wengi wetu tulikuwa tunajitolea tu. Ile 2,500 ya serikali kuu na 2,500 ya kaunti ikichelewa bado tunapanda ngazi. Begi tulilopewa liko na kipima presha, kipima sukari, mizani ya watoto. Cha kupima maji hakimo.

#7 Jirani_Umoja
Kumbe! Mimi sijawahi kujua CHP wangu ni nani, naishi hapa miaka.

#8 BwanaAfya_Mstaafu
Nimefanya hii kazi tangu enzi za City Council, nikamalizia chini ya kaunti. Mama Tumaini, usianze na kubishana ni maji au ni chakula. Chukua daftari. Andika mtoto gani, umri, anaishi ghorofa gani, alianza lini na saa ngapi, alikunywa maji ya wapi, alikula wapi, analelewa wapi mchana. Na andika pia ambao HAWAJAUGUA. Hao ndio watu husahau na ndio wenye kukuonyesha njia.

Halafu angalia siku walizoanza. Kama wengi walianza ndani ya siku moja, tafuta kitu walikula au kunywa pamoja. Kama wanaanza mmoja mmoja na inaendelea, inaweza kuwa maji yanayochafuka kila wakati au ni mikono na choo, mtoto anampa mtoto. Kipindupindu kinaweza kukuangusha ndani ya saa chache tu au kikakaa hadi siku 5. Taifodi inachukua wiki moja hadi tatu hivi, kwa hivyo mtu akila leo jioni akaumwa kesho asubuhi akasema ni taifodi ya jana, hapana.

La pili, klorini. Tulikuwa tunabeba kifaa kidogo chenye mirija miwili. Unaweka maji ya bomba mililita 10, unatia kidonge cha DPD, unatikisa. Maji yakigeuka pinki kuna klorini, unalinganisha rangi na kadi ya pembeni. Nyumbani tulitaka angalau miligramu 0.2 kwa lita. Yakibaki meupe kabisa, hayana kinga yoyote, na kama laini inapita mtaroni hapo hupaswi kungoja mtu augue ndio uchukue hatua. Nimewahi kupima bomba la kwanza mtaa mmoja likawa pinki vizuri, nikatembea na laini hio hio mpaka mwisho, kila kituo rangi inafifia, nyumba za mwisho ni meupe. Pale katikati inapokatika ndio unaita fundi achimbe. Bei ya hicho kidonge ni ndogo kuliko drip moja.

#9 Kijana_wa_Tassia
Mzee heshima. Sasa kwa nini hio haifanyiki kila wiki? Vidonge viko wapi?

#10 Msomi_wa_Juja
Mzee amenikumbusha darasa. John Snow kule London 1854 alichora ramani ya waliokufa, akaona wako karibu na bomba la Broad Street, akaangalia maji kwa darubini akaona vijidudu, akaondoa mpini wa bomba na kipindupindu kikaisha. Hio ndio tunahitaji, ramani.

#11 LabuYaMathare
@Msomi rudi darasani kidogo 😄 Darubini haikumsaidia, hakupata ushahidi wa maana hapo. Yeye alienda kwa hesabu ya vifo na kuuliza nyumba kwa nyumba. Pacini wa Italia ndio alikiona kimelea mwaka huo huo wa 1854 na hakuna mtu alimsikiliza, Koch wa Ujerumani akaja kukithibitisha miaka ya 1880. Ramani aliichora baadaye. Na mpini ulitolewa na viongozi wa mtaa, si yeye mwenyewe, Septemba wakati wagonjwa walikuwa wanapungua tayari, watu wengi walikuwa wametoroka mtaa. Kitu kizuri kwa hadithi yake ni kile mzee amesema, wasiougua. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia hapo karibu walikuwa wanapewa bia na walikuwa na kisima chao, karibu wote walikuwa wazima.

Halafu nina langu. Hata hizo takwimu za kliniki mnazozililia ni mbovu. Mtu anaingia na homa na kichwa, anatolewa damu, anapimwa Widal, anaambiwa "una taifodi kidogo". Hakuna taifodi kidogo! Widal inaweza kuwa chanya juu ya ugonjwa wa zamani au kitu kingine tofauti kabisa. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu na hicho kliniki nyingi za mtaani hazina. Kwa hivyo mtaa mzima unaandikwa taifodi, na mgonjwa wa kweli amefichika humo ndani. Kwa kuhara, chukueni choo KABLA ya antibiotiki, usufi uingie kwa chupa ya Cary-Blair, ile ya kuhifadhi sampuli njiani, upelekwe labu. Mkishampa mtoto Flagyl na zile zingine mmetuachia nini cha kuotesha?

#12 BwanaAfya_Mstaafu
Asante labu. Ile ya Flagyl ni kweli kabisa, kuhara kwingi kwa watoto ni kwa virusi, haitibu.

#13 Kemisti_Kware
Nimesoma nikaona nimesemwa vibaya kidogo, na mengine ni kweli. Mimi nina duka la dawa. Kabla ofisi yoyote haijajua kitu mimi najua, juu sashe za ORS zinaisha. Kawaida boksi linakaa, ghafla linaisha, ndio unaskia wamama wanasema huku kuna tumbo. Miaka yote hakuna mtu amewahi kupita kuniuliza umeuza ngapi wiki hii. Siandikii mtu yeyote, na hakuna mahali nimeambiwa niandike. Leseni yangu ni ya Bodi ya Famasia, hao wananikagua dawa, hawaniulizi mtaa unaumwa na nini. Wangenipa namba moja ya WhatsApp tu ningetuma kila Ijumaa bure.

Mama Tumaini, wape ORS, soma kwa sashe ni maji kiasi gani usikisie, na zinki siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumeisha. Mtoto akikataa kunywa, macho yameingia ndani, hakojoi, kimbia hospitali usingoje asubuhi.

#14 CHP_Embakasi
Kemisti hilo wazo la Ijumaa nalichukua, nitumie inbox.

#15 MamaTumaini_Pipeline
Mzee nimefanya daftari. Nimeuliza milango ile wamenifungulia. Naweka vile nimeona:

Wanaougua wengi ni wa chini, ghorofa ya kwanza na ya pili. Hawa wanateka kwa bomba la chini. Wa juu hawawezi kubeba mtungi ngazi zote hizo, wanalipa vijana wa mkokoteni na hao vijana wanateka kwingine, kisima cha mtu fulani. Nikasema haya, ni bomba. Lakini watoto wa chini ndio wanacheza kwa korido ya nyuma karibu na mtaro, wa juu wanafungiwa ndani. Na choo cha chini kinatumiwa na nyumba nyingi na maji ya kunawa hakuna.

Alafu kuna mtoto wa ghorofa ya sita ameugua. Hajawahi kunywa maji ya chini, mamake ameapa. Ila mchana analelewa kwa deikea ya chini, na huko mama wa deikea anawapikia uji na maji ya bomba. Na kuna familia ya ghorofa ya kwanza yenye watoto watatu hakuna aliyeugua, wanachemsha. Watu wazima ni wawili tu wameumwa, mmoja wao ni huyo mama wa deikea.

Kuanza wameanza tofauti tofauti, haikuwa siku moja.

#16 Kijana_wa_Tassia
Si nilisema. Wanaochemsha wako sawa. Bomba.

#17 NesiRoysambu
Pole pole. Watoto wadogo ndio wanaugua, watu wazima wachache, wanafuatana, deikea iko katikati. Mimi nikisoma hio naona rota au kirusi kingine cha namna hio kinapita kwa mikono na nepi. Maji machafu yangeshika hata watu wazima wengi. Angalieni vitabu vya kliniki vya hao watoto, chanjo ya rota inatolewa Kenya tangu 2014, kwa matone. Ambao walikosa ndio wamelala? Na mama anayechemsha maji mara nyingi ndio huyo huyo ananawisha watoto, kwa hivyo hujathibitisha bomba.

#18 Kijana_wa_Tassia
Na uji wa deikea je? Maji ni yale yale.

#19 NesiRoysambu
Uji umechemshwa bro. Labda kikombe.

#20 BwanaAfya_Mstaafu
Mama Tumaini umefanya kazi nzuri kuliko ripoti nyingi nimewahi kupewa. Nesi ana hoja na kijana ana hoja. Hicho kirusi na bomba bovu vinaweza kuwa pamoja hapo hapo, na kile utarekebisha leo si lazima kiwe ndicho kilianza. Pimeni klorini. Wekeni ndoo yenye bomba na sabuni mlangoni kwa choo na kwa deikea. Dawa ya maji, fuata kipimo cha chupa, maji yakiwa na tope chujeni kwa kitambaa kwanza na mtie mara mbili, subirini nusu saa.

#21 Landilodi_Mdogo
Nimekaa nikisoma mnatulaumu sisi bila kututaja. Mimi nina ploti, si hio ya mama. Wapangaji wanatupa nepi kwa choo, linaziba, linafurika mtaroni, halafu wanasema landilodi. Tangi naosha. Laini nililipia ikawa siku moja kwa wiki, nikachimba kisima na pesa ya mkopo. Maji ya kisima ni safi yanatoka chini kabisa ya mwamba hayana maneno.

#22 LabuYaMathare
@Landilodi safi ya macho. Maji ya chini Nairobi sehemu nyingi yana floraidi nyingi, WHO inasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi vinapita hapo. Watoto wanakua na meno ya kahawia, na ikizidi sana hata mifupa inaharibika. Ulipima?

#23 Landilodi_Mdogo
Nilipima wakati wa kuchimba. Si nachemsha.

#24 LabuYaMathare
Kuchemsha hakuondoi floraidi, maji yanapungua floraidi inabaki, inazidi kukolea. Na klorini haiigusi. Changanya na maji ya laini au weka mtambo wa kuchuja. Na kisima kikiwa karibu na shimo la choo pima vimelea pia, si mara moja tu wakati wa kuchimba.

#25 Jirani_Umoja
Wueh. Kwa hivyo bomba lina mtaro, kisima kina floraidi, mkokoteni hatujui unateka wapi. Tunywe nini?

#26 Mama_Chapo
Chai 😂

#27 Otis_Dandora
Nyinyi mmekwama kwa tumbo tu. Hatari ya afya si kuhara peke yake. Sisi huku jaa la Dandora limewekwa tangu 1975, likatangazwa limejaa 2001, na leo bado malori yanamwaga. UNEP, shirika la mazingira la UN, walipima 2007 wakapata nusu ya watoto wa Dandora wana risasi (ile metali ya sumu, lead) kwa damu. Hio hatari ILITAMBULIWA. Imeandikwa, imepigwa picha. Moshi bado unaingia kwa nyumba kila jioni. Kwa hivyo @MamaTumaini nakuuliza, wakishagundua ndio nini?

#28 Msomi_wa_Juja
Otis nakuunga mkono ila tuweke sawa, walipimwa watoto 328 wa kuzunguka jaa, na nusu ya hao waliopimwa walikuwa na mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita. Si nusu ya Dandora yote. Na siku hizo 10 ndio ilikuwa mstari wa wasiwasi, Marekani wameushusha hadi 3.5 mwaka wa 2021, na WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hivyo ukihesabu kwa mstari wa leo ni wengi zaidi ya nusu.

#29 Otis_Dandora
Sawa umerekebisha. Lakini umeona basi, umezidisha hoja yangu.

#30 Hodan_Eastleigh
Nikiongezea, si kweli kwamba hatujui kugundua mapema. 2018 huku Kamukunji waliokota maji taka wakapata kirusi cha polio, hakikutoka kwa mtoto aliyepooza, kilitoka mtaroni. Watu wakaja nyumba kwa nyumba na matone. Kama wanaweza kusoma mtaro wa Eastleigh wakajua polio, kwa nini ule wa Pipeline usisomwe?

#31 NesiRoysambu
Kweli. Tuseme tu kilikuwa kile cha aina ya pili kilichotokana na chanjo ya zamani, kinasambaa pale watoto wengi hawajachanjwa. Polio inafuatiliwa hivyo juu dunia nzima inailipia. Kuhara kwa watoto wa Pipeline hakuna anayekulipia.

#32 Msomi_wa_Juja
Na kuna lengo linaitwa 7-1-7, siku 7 kugundua mlipuko, siku 1 kuarifu, siku 7 kukamilisha hatua za kwanza. Hesabu ya siku inaanza mlipuko wenyewe ukianza mtaani, haingoji rejista. Kwa hivyo ile ofisi ya Mama Tumaini ilipoteza siku zake hapo mlangoni.

#33 Wakili_wa_Mtaa
Watu wanauliza ni kazi ya nani, jibu limeandikwa. Katiba, jedwali la nne, huduma za afya za kaunti, leseni za wanaouza chakula, kuzoa taka, maji na maji taka, zote ni za kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, kifungu cha 118 kinaorodhesha kero za kiafya, mtaro uliooza, choo kinachofurika, maji machafu ya kunywa, na cha 119 kinampa mwenye mamlaka nguvu ya kumwandikia mwenye nyumba notisi aondoe kero. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya maji safi ya kutosha, cha 35 haki ya kuuliza taarifa. Andika barua, ipigwe muhuri wa kupokelewa, nakala ubaki nayo. Ukiongea kwa mdomo kwa dirisha la ofisi hukuwahi kufika hapo.

#34 Mkaaji_Mathare
Wakili asante lakini wacha nikuambie kwa nini watu hawaandiki hizo barua. 2024 baada ya mafuriko huku, hatari ilitambuliwa, mto. Na kweli mto ulikuwa hatari, tulizika watu. Suluhisho lililokuja ni tingatinga. Mita 30 kutoka mtoni nyumba chini, watu usiku na godoro. Sasa mtu wa kaunti akija na daftari kuuliza choo chenu kinaenda wapi unadhani mama atamjibu ukweli? Anajua choo kinaenda mtoni. Akisema, ploti inafungwa, na hakuna mahali pengine pa bei yake. Ukitaka watu wakuonyeshe hatari lazima wajue haitawageukia.

#35 Mama_Chapo
Hapo umesema. Kanjo (askari wa kaunti) wakija hawaji na sabuni, wanakuja na lori.

#36 Muuzaji_Mukuru
Kwetu Mukuru kulikuwa tofauti kidogo. Ilipotangazwa eneo maalum la mipango 2017 watu waliketi kwa seli, yaani vikundi vidogo vya majirani, nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, wakaulizwa wanataka nini, na maji na vyoo vikawa juu kwa orodha. Mabomba na laini za maji taka ziliingia sehemu zingine. Haijaisha, kuna vijiji bado wanangoja, lakini watu walitoa ukweli juu waliambiwa mapema hawafukuzwi.

#37 Mkaaji_Mathare
Hio naikubali. Na Kibera pia kuna mabomba ya shirika la SHOFCO yanapita juu hewani kwa vyuma badala ya mtaroni. Si mtu aliamua tu basi.

#38 Otis_Dandora
Bado jaa.

#39 Wakili_wa_Mtaa
Otis fungua uzi wa jaa, nitakuja na karatasi zangu.

#40 BwanaAfya_Mstaafu
Niseme upande wa ofisi pia maana nimekaa humo. Afisa mmoja wa afya ya umma ana wadi nzima, mikahawa, machinjio, shule, mazishi, malalamiko ya kelele, na gari ni moja likipata mafuta. Bajeti ikikatwa hospitali inalia na inaonekana kwa runinga, sisi tukizuia kitu hakuna anayeona kilichozuiwa. Mwenye kuzuia hana wagonjwa wa kuonyesha. Hio haimfanyi yule aliyemrudisha Mama Tumaini kuwa sawa, alipaswa kuandika jina lake na la ploti tu, dakika tano.

#41 Kijana_wa_Tassia
Mzee bado hujanijibu vidonge viko wapi.

#42 BwanaAfya_Mstaafu
Maduka ya vifaa vya labu mjini wanauza, na hata wanaohudumia mabwawa ya kuogelea wanavyo, uliza vya DPD namba 1, namba 3 inapima kitu kingine. Mtungi wa kuchotea usiwe umesuuzwa na jiki, maana hio ni klorini.

#43 CHP_Embakasi
Mama Tumaini ploti yenu kumbe ni ya mwenzangu si yangu, nimeongea naye. Anakuja Jumamosi asubuhi na msimamizi wake, wanataka kuanza na deikea. Mwambie keateka afungue geti, na ile orodha yako iwe karibu, usiandike majina kamili ya watoto kwa hii mtandao tafadhali. Kama kuna mtoto anaanza kabla ya hapo nipigie, labu wamesema wataleta chupa za kuchukulia choo.

#44 MamaTumaini_Pipeline
Asanteni. Keateka amekubali ila amesema landilodi asijue. Jana kuna wawili wameanza, wa ghorofa ya tatu, hawako deikea.

#45 NesiRoysambu
Hao wa tatu wanateka wapi?

#46 MamaTumaini_Pipeline
Kila mahali. Siku bomba la chini liko na maji wanateka hapo, likikauka mkokoteni. Na wana binamu wao anakaa ghorofa ya kwanza wanalala huko wikendi.

#47 Kijana_wa_Tassia
Bomba.

#48 NesiRoysambu
Binamu.